Dragsta yangu iwe na urefu gani? Fundi wa Nakuru naomba mnikosoe (uzi mrefu)

Fundi_Shabab

Wadau, kibanda changu hapa Shabab kina mita 5 na nusu kutoka mlangoni hadi ukutani. Nawapa kipimo hicho kwanza kwa sababu kesi yote imeanzia hapo.

Vijana watatu waliniletea injini ya Subaru EJ20 yenye turbo pamoja na giaboksi yake, wakasema wanataka dragsta, lile gari la mashindano ya kukimbia mstari mnyoofu. Hawataki gari la kawaida lililong'olewa viti. Wanataka ile yenyewe, iliyonyooka kama panzi: mabomba matupu, dereva katikati, injini mgongoni mwake, magurudumu membamba mbele. Nikawachomelea fremu yenye wilibesi ya mita 2.4. Kwa wageni, wilibesi ni kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi kitovu cha la nyuma. Pua na mkia havihesabiwi. Niliiacha fupi kwa hesabu ya kijinga: fupi ni nyepesi, nyepesi ina kasi.

Tukaenda kuijaribu kwenye barabara ya ndani ya shamba moja upande wa Njoro, kwa ruhusa ya mwenyewe. Nyuma tulikuwa na tairi laini za mashindano, za mitumba. Kijana akaachia klachi ghafla, pua ikapanda kama jogoo anayetaka kuwika. Iliporudi chini magurudumu ya mbele yalikuwa yamekata kona, gari likaingia kwenye ngano. Mkanda ulimshika, hakuumia. Stelingi ilipinda, na ngano ya watu nimeilipa.

Tangu hapo usiku nasoma historia ya hawa Wamarekani, na nimeona jambo moja: magari yao yamekuwa yakirefuka tu. Mwaka 1954 Mickey Thompson alitengeneza gari ambalo dereva anakaa nyuma kabisa ya ekseli, miguu imepita juu ya difu. Mtindo huo ukapewa jina la manati, kwa sababu dereva amekaa kama jiwe kwenye mpira wa manati. Miaka hiyo wilibesi nyingi hazikufika inchi 100, yaani mita 2 na nusu, sawa na kosa langu. Mwisho wa miaka ya 1960 walikuwa wamepita inchi 200. Leo daraja la Top Fuel, lile la dragsta zenye kasi kuliko zote, limefika inchi 300, mita 7.62, na sheria hairuhusu kuzidi hapo. Gari la mtu mmoja hilo! Hata nikivunja ukuta wa jirani haliingii.

Nimejiamulia hivi: nikirefusha, pua itatulia. Swali ni nirefushe hadi wapi.

Mama_Spea

Fundi, shikamoo ya ngano. Kabla ya urefu, hayo mabomba umeyatoa wapi? Usiniambie ni yale ya maji.

Fundi_Shabab

Mama, tutafika huko.

Mama_Spea

Basi ni ya maji.

MwalimuFizikia_Kakamega

Fundi, salaam. Nimeupenda uzi lakini sentensi yako ya mwisho ina kasoro, na kasoro yenyewe ni tamu. Urefu peke yake hauzuii pua kupanda.

Fikiria mizani ya sokoni. Gari likiondoka kwa nguvu, linataka kuzunguka kinyumenyume juu ya mahali tairi za nyuma zinapogusa lami. Kinacholipandisha ni uzito wake, mara kasi ya kuondoka, mara kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini. Kinacholikalisha chini ni uzito uleule, mara umbali wa hicho kitovu kutoka ekseli ya nyuma. Uzito unajifuta pande zote mbili. Kinachobaki ni umbali kwa kimo. Kitovu kikiwa sentimita 50 mbele ya ekseli na sentimita 50 juu ya ardhi, pua itaanza kuelea gari likiondoka kwa g moja, yaani likiongeza kasi sawa na kitu kinachoanguka. Wilibesi haimo katika hesabu hiyo hata kidogo! Ukichukua gari lako, ukasogeza mbele magurudumu ambayo hayana uzito wowote kwa mita tano, hujabadilisha kitu.

Kinachosaidia ni vile unavyovipeleka mbele pamoja na hayo magurudumu. Betri ya kilo 15 ikiwa sentimita 30 kutoka ekseli ya nyuma ni kama haipo. Betri hiyohiyo ikiwa mita 4 mbele inafanya kazi ya kilo 200 zilizowekwa pale ilipokuwa mwanzo. Chesisi ndefu ni mpini wa jembe.

Nakupa kazi ya nyumbani. Tafuta mizani, mkalishe dereva, pima gari zima, kisha pima magurudumu ya mbele peke yake. Niletee tarakimu.

DerevaWaMiwa

Mwalimu umesema. Mimi naendesha trakta za miwa huku Mumias, na pua kupanda tunaijua kabla ya hao Wamarekani kuzaliwa (natania). Trakta ikivuta trela iliyoshiba kwenye kilima chenye matope, mbele kunakuwa kwepesi mpaka unakata kona na haikati. Dawa yetu ni vyuma vinavyoning'inizwa puani, hakuna mtu anayerefusha trakta. Na kuna dawa ya pili ambayo vijana wanaipuuza: usifunge mnyororo juu ya ekseli ya nyuma. Ukifunga juu, trakta inajipindua yenyewe mpaka inamlalia dereva. Funga chini kwenye ndoano yake.

Kwa hiyo fundi, kabla ya kukimbilia urefu, je, injini umeikalisha juu kiasi gani?

Fundi_Shabab

Juu, mzee. Niliogopa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, igonge mawe ya shambani.

TuktukKondele

Kisumu tumeingia. Nina swali la kifundi kwanza: hiyo Subaru umeigeuza au umeihamisha tu? Maana ukiigeuza nyuma-mbele, gia zote nne, tano zitakurudisha kinyume, ubaki na gia moja ya kwenda mbele.

Fundi_Shabab

Nimeihamisha tu, ndugu. Difu ya mbele ya Subaru iko ndani ya giaboksi, nyuma tu ya injini. Kwa hiyo nimeichukua seti nzima jinsi ilivyokaa, nikaishusha nyuma. Shafti za magurudumu ya mbele sasa ndizo zinazozungusha tairi za nyuma. Injini imebaki mbele ya ekseli, mgongoni mwa dereva, na mkia wa giaboksi umetokeza nyuma. Ile njia ya kupeleka nguvu ekseli ya pili nimeifunga.

TuktukKondele

Safi kabisa. Sasa nikupe la stelingi, kwa sababu naona wote mmeshika pua na kusahau kona.

Mtu aliyehamisha injini nyuma ya dereva na ikakubalika ni Don Garlits, dereva wa dragsta wa Marekani. Tarehe 8 Machi 1970 alikuwa kwenye gari lake la manati pale uwanja wa Lions, Long Beach, California. Giaboksi ikapasuka mstarini. Kumbuka mtindo huo dereva anaikumbatia mitambo kwa mapaja. Gari lilikatika vipande viwili na sehemu ya mguu wake wa kulia ikaenda. Akiwa hospitali akaanza kufikiria gari ambalo likipasuka, linapasuka nyuma yake.

Wengine walikwisha kujaribu injini nyuma, lakini magari hayo yalikuwa yanayumba vibaya. Garlits na mafundi wake wakaanza na lao, yakawa yaleyale. Dawa iliyopatikana utacheka: walipunguza ukali wa stelingi. Kwenye manati umekaa nyuma ya tairi, mkia ukihama kidogo kiuno chako kinahama nao na mkono unajibu palepale. Ukikaa mbele, mkia unahama nyuma yako na wewe hujui. Ukija kujua umechelewa, unakata nyingi, gari linarudi upande wa pili, unakata tena. Wakaifanya stelingi iwe nzito kujibu, gari likanyooka. Mwaka 1971 Garlits akashinda mashindano ya Winternationals pale Pomona, na baada ya miaka michache manati zilikuwa karibu zimetoweka kwenye Top Fuel.

Mimi naijua hiyo hali kwa tuktuk. Gurudumu moja mbele, mkono ni kama wa pikipiki, abiria watatu nyuma wanacheka huku wanayumba. Kijana mgeni akiingia barabara ya Kondele anakata mkono kama anaendesha boda, wiki ya kwanza lazima alambe lami.

Kwa hiyo urefu unakusaidia hapa hata kama mwalimu ameukataa kule. Pembe ileile ya gurudumu, gari refu linageuka polepole kuliko fupi.

MwalimuFizikia_Kakamega

Sijaukataa, ndugu yangu! Nimekataa sababu tu. La kona ni kweli tupu. Na ongeza hili: mzigo uliotawanywa kwenye mita saba ni mgumu kuzungushwa kama ngazi ndefu begani. Mkia ukitaka kuhama, unahama taratibu, dereva anapata nafasi ya kufikiri.

Mwenda_Pole

Mna watoto wa kusomesha lakini?

Mama_Spea

Na wewe una spea za kununua? Kama huna pita.

Mimi nataka kuwaambia kuhusu gari nilipendalo kuliko yote, na mtajua kwa nini. Mwaka 1961 Tommy Ivo, ambaye alikuwa pia mwigizaji wa televisheni, alitengeneza dragsta yenye injini NNE za Buick, V8 zote. Mbili zinazungusha mbele, mbili zinazungusha nyuma, tairi zote nne zinatoa moshi. Plagi 32! Mteja kama huyo akiingia dukani kwangu siku moja kwa mwezi nafunga duka naenda Mombasa.

Mashindano rasmi hawakumruhusu, ilibaki gari la maonyesho. Lakini tazameni alichokuwa anatafuta. Tairi za wakati ule zilikuwa hazishiki. Ukiwa na nguvu ambayo tairi mbili haziwezi kuibeba, igawe kwa nne. Eddie Hill wa Texas alikuwa na tatizo lilelile akalijibu kivingine: injini mbili za Pontiac na tairi nne zote nyuma, mbilimbili kama lori.

Wapo pia walioilaza injini ubavu, krankishafti ikawa sambamba na ekseli, wakaziita nyoka wa jangwani, wale wanaotambaa kwa ubavu. Jack Chrisman aliendesha moja mwaka 1959. Injini iliyosimama kwa urefu wa gari inataka kuipindua chesisi upande mmoja kila ukikanyaga mafuta, ukiilaza hilo linaisha.

DerevaWaMiwa

Na yale yaliyofupishwa kwa makusudi? Mwaka 1965 Dodge na Plymouth walichukua magari ya kawaida, wakasogeza ekseli ya nyuma mbele kwa inchi 15 na ya mbele kwa inchi 10. Ukiyatazama unadhani yamegongwa na treni. Watu wakayacheka, wakayaita magari ya kuchekesha, na jina likaganda: ndiyo asili ya Funny Car. Hao wa leo wamewekewa wilibesi ya inchi 125, mita 3 na kidogo, ndiyo maana wanapigana na usukani njia nzima huku wa Top Fuel wakipita kama uzi kwenye sindano.

Kuna na pikapu ya Dodge A100 ya mwaka huohuo, wilibesi inchi 90. Waliitoa injini ikae nyuma ya kibanda cha dereva, ikawa Hemi kubwa, ile V8 ya Chrysler. Ilipokanyagwa ikasimama wima. Bill Golden aliyeiendesha akaona hii ni biashara, akawa anaingia viwanjani kuendesha kwa magurudumu mawili, watu wanalipa. Fundi, yako ilikuwa na mita 2.4. Ungeuza tiketi pale Njoro badala ya kulipa ngano.

Fundi_Shabab

😂😂 Mzee niache.

Mwalimu, nimerudi na kazi ya nyumbani. Nimetumia mizani ya kupimia viazi vya watu wa Molo. Gari zima na dereva kilo 610. Magurudumu ya mbele pekee kilo 110. Kitovu cha uzito nimekikadiria nusu mita kutoka chini.

MwalimuFizikia_Kakamega

Ahsante, hivi ndivyo mwanafunzi anavyotakiwa.

110 mara 2.4 ni 264. Gawa kwa 610, unapata mita 0.43. Kitovu chako kipo sentimita 43 tu mbele ya ekseli ya nyuma. Gawa kwa kimo cha 0.5: pua inaelea ukifika g 0.87. Tairi laini na klachi ya ghafla vinapita hapo bila jasho. Ungekuwa na tairi za kawaida za Probox zingeteleza kwanza na usingejua una tatizo.

Na hapo ndipo historia yote uliyoisoma inapofunguka. Thompson na wenzake walikaa nyuma ya ekseli kwa sababu tairi zao zilikuwa mbovu, walihitaji kila kilo juu yake. Gari lao lilikuwa sahihi kwa tairi zao. Tairi zilipoanza kushika, mtindo uleule ukawa wa kuwapindua, uzito ukaanza safari ya kwenda mbele, na chesisi ikaufuata. Top Fuel ya leo ina nguvu farasi zaidi ya 11,000 na uzito wa tani moja na kidogo. Tuseme inaondoka kwa g 4 na kitovu kipo sentimita 60 juu. Inatakiwa kitovu kiwe mita 2.4 mbele ya ekseli. Kwenye gari la mita 7.62 hiyo ni theluthi moja ya njia, inawezekana. Kwenye fremu yako ya mita 2.4 kitovu kingekuwa kimekaa juu kabisa ya magurudumu ya mbele, na hayo ya nyuma yasingebaki na kilo hata moja.

Sasa tufanye yako iwe mita 4.5. Dereva wa kilo 70 asogee mbele sentimita 60: unaongeza 42. Betri na tangi, kilo 35, zitoke ubavuni mwa injini ziende puani: 136. Ekseli ya mbele na vikorokoro vyake, kilo 45, vimesogea mita 2.1: 94. Mabomba ya ziada kilo 25, kwa wastani mita 3.4 kutoka nyuma: 85. Jumla na ile ya mwanzo, 621. Gawa kwa kilo 635: sentimita 98. Pua itaelea ukifika g 1.96.

Angalia kituko: magurudumu ya mbele yamebeba kilo 138 badala ya 110, tofauti ya mfuko mdogo wa mahindi. Lakini gari limekuwa gumu kupandisha pua zaidi ya mara mbili. Ukiishusha injini sentimita tano, utaongeza tena.

TuktukKondele

Mwalimu ungenifundisha mimi ningekuwa rubani.

Mama_Spea

Nimesubiri vya kutosha. Mabomba.

Fundi_Shabab

Mama, ni ya maji. Inchi moja na nusu. Naungama.

Mama_Spea

Nilijua tangu juzi. Sikiliza mwanangu. Bomba la maji limekunjwa likaunganishwa kwa mshono, na limepakwa zinki. Ukilichomelea ule moshi mweupe unakupa homa ya usiku kucha, na kiungo kikiwa na zinki ndani hakina mshiko. Wenzenu wanatumia kromoli, chuma kilichochanganywa na kromi na molibdeni, isiyo na mshono, na bado inakatika. Mwaka 2015 pale Gainesville chesisi ya Larry Dixon ilivunjika katikati akiwa kasi kubwa, gari likaruka hewani. Alitoka salama kwa sababu kizimba cha dereva kilibaki kizima. Wewe sasa unataka kuongeza mita mbili za bomba la kuogea.

Na usiifanye ngumu kama reli ukidhani ndiyo salama. Chesisi ndefu za Top Fuel huachwa zipinde kiasi, mgongo unapanda katikati kama paka, tairi za nyuma zinabanwa chini. Kizimba cha dereva ndicho kisicholegea. Kama kromoli haipatikani Nakuru, tafuta bomba la chuma lisilo na mshono, nene, na mtu wa kuchomelea kwa gesi ya argoni. Mimi namjua mmoja, njoo dukani.

DerevaWaMiwa

Na tumbo la gari lisiwe limefunikwa bapa bila kufikiri. Garlits huyohuyo mwaka 1986 alikuja na gari lenye pua ya mviringo na kibanda cha kioo, la kwanza kupita maili 270 kwa saa. Mwaka huohuo, pale Englishtown, pua ilipanda, upepo ukaingia chini, gari zima likanyanyuka kama bati la paa siku ya dhoruba, likageuka na kutua kwa magurudumu. Leo lipo kwenye makumbusho ya Smithsonian. Urefu haukumwokoa, mita zote zile zilikuwa bawa.

TuktukKondele

Jambo dogo la mwisho kutoka ziwani: msijitishe sana na hizo g. Nakuru mko mita 1,850 hivi juu ya bahari, hewa imepungua karibu moja ya sita. Bandimere kule Colorado, uwanja uliofungwa baada ya msimu wa 2023, ulikuwa chini yenu kidogo na bado watu walilia nguvu zimepotea. Turbo itawarudishia sehemu. Mkitaka hewa nzito njooni Kisumu, tuna samaki pia.

Fundi_Shabab

Wadau, nimeamua. Wilibesi mita 4.5. Injini inashuka sentimita sita, sampu nitaikata niifanye pana. Stelingi naongeza gia ya kuipunguza ukali. Betri na tangi puani. Kizimba na mabomba yote naanza upya, mama kesho asubuhi nipo dukani. Fremu ya zamani vijana wamekubali tuitundike ukutani.

Tatizo jipya: nimepiga chaki sakafuni. Mita 4.5, ongeza pua, ongeza mkia wa giaboksi, jumla mita 5.6. Kibanda ni 5.5. Ukutani upande wa pili ni kinyozi. Nikitoboa, pua inatokea chini ya kioo chake.

Mama_Spea

Mwambie ni mahali pa wateja kuweka miguu.

Fundi_Shabab

Nimemwambia. Anataka alipwe kodi ya sentimita kumi.

DerevaWaMiwa

Lipa. Ikiisha nipigie, nitakuja na trela ya miwa tuibebe. Mita 5.6 kwangu ni nusu ya mzigo.

Mwenda_Pole

Siku ya kuijaribu ni lini? Nauliza tu.